Wimbo wa Kirewa Ukae Wapi

Baba alitupatia kaseti moja. Aliiinua juu ili kila aliyekuwa uani aione, akasema, "Hii hapa. Ikianza, chezeni. Ikiisha, kila mtu kwake, na sitaki kusikia habari za 'moja tu ya mwisho'." Kisha akaingia tena uvunguni mwa lori lake, ambalo siku hizo lilikuwa likitembea wiki hii na kulala wiki ijayo kwa kukosa spea, na mjadala ukawa umefungwa.

Harusi ilikuwa ya dada yangu mkubwa. Alikuwa anaolewa Busia, upande wa Kenya, na sherehe ya kwetu ilikuwa ifanyike hapohapo nyumbani Tororo, upande wetu wa mpaka, uani, mchana kweupe, baada ya nikahi ya asubuhi msikitini. Ilikuwa miaka ile ya utawala wa wanajeshi, na watu tulikuwa tumejifunza kufurahi kwa sauti ya chini. Muziki ukisikika mbali, wageni wasioalikwa huufuata, na wale hawakuwa na desturi ya kuja na zawadi. Bendi haikufikiriwa hata kidogo. Ngoma nayo baba aliikataa kwa sababu ngoma, alisema, huwezi kuipunguza sauti. Redio kaseti unaweza. Basi tukapewa kaseti ya saa moja, nusu saa upande huu na nusu saa upande ule, tukaambiwa tuozeshee humo.

Kazi ya kupanga nyimbo nilipewa mimi. Sitajitia unyenyekevu: nyumba nzima hakuna aliyekuwa na sikio kama langu, na nilihakikisha wote wanalijua hilo. Nilikuwa nimemaliza shule, nasubiri matokeo, sina shughuli ila kuwakosoa watangazaji wa redio kwamba wimbo huu haufai kufuata ule. Mama aliposikia nimepewa kazi hiyo alisema afadhali, angalau sasa nitawapumzisha.

Vijana wa leo wanagusa kioo cha simu tu, wimbo wa tano unakuwa wa kwanza. Sisi tulikuwa na kaseti moja na mashine moja. Utakavyorekodi ndivyo itakavyopigwa. Ukisahau wimbo katikati huwezi kuupenyeza. Itabidi ufute kila kilichoufuata, uanze upya. Kwa hiyo mpango wote ulitakiwa ukamilike kichwani kabla kidole hakijagusa kile kitufe chekundu cha kurekodia.

Na kila mtu alikuwa na lake. Shangazi, dada yake baba, aliyekuwa na hoteli ya chai Busia ya Kenya karibu na forodha, alitaka taarabu mwanzo mpaka mwisho, na mwisho kabisa alitaka wimbo wa kumuaga bibi harusi, auimbe yeye mwenyewe, "watu walie kidogo, harusi bila machozi ni karamu tu." Upande wa bwana harusi walituma salamu kwamba wao ni watu wa rumba, tusiwasahau. Baba alitaka nyimbo zisizo na matusi wala siasa, jambo ambalo lilimaanisha mimi nizisikilize zote hadi mwisho, hata za Kikongo nisizoelewa neno.

Dada hakusema kitu mpaka jioni moja tukichambua mchele. Alikuwa akitupa vijiwe kando, macho chini.

"Mimi nataka wimbo mmoja tu," akasema. "Nataka nyanya acheze."

Nikaacha kuchambua. Nyanya alikuwa mama yake mama, wa kijijini Kirewa. Sisi wajukuu tulikuwa tukienda kwake likizo, tunalima naye, tunakula karanga zake mpaka matumbo yanauma, lakini yeye kwetu alikuwa hajawahi kukanyaga. Mama alipoolewa na Mwislamu wa mjini, tena mtu wa malori, nyanya alikataa katakata. Kwao Kirewa bibi harusi huchezewa na mama yake au nyanya yake mbele ya watu. Asipochezewa ameolewa, ndiyo, lakini kama mtu aliyetoka nyumbani kwa mlango wa nyuma. Mama alikaa kwenye mkeka wake wa harusi na hakuna hata mmoja wa kwao aliyesimama. Hakulizungumza hilo kamwe. Ila harusi yoyote ya watu tuliyokwenda, wazee wakianza kucheza, mama alikumbuka kwamba kuna vyombo vya kuoshwa.

"Nyanya amesema atakuja?" niliuliza.

"Amesema, 'Nitakuja, nitakaa, nitaondoka.' Hakutaja kucheza. Lakini ukiuweka ule wimbo wao mahali pake, nadhani miguu itamshinda." Ndipo akanitazama. "Si kwa ajili yangu. Mama amuone akicheza nyumbani kwake, basi."

Tangu hapo sikuwa na raha. Nyimbo nyingine zote zilijipanga zenyewe. Tatizo likabaki moja, wimbo wa Kirewa ukae wapi. Ukiwa wa kwanza, nyanya atakuwa ndiyo kwanza ameketi, mgeni, mkoba mapajani, na mgeni hakurupuki. Ukiwa katikati ya upande wa kwanza, utaangukia kwenye chakula, na nyanya hakuwa mtu wa kuacha nyama. Ukiwa wa mwisho kabisa, atakuwa ameshaondoka, kwa sababu baba alikuwa amrudishe Kirewa kwa lori kabla jua halijazama. Magari hayakutembea gizani miaka ile, labda yenye bunduki ndani. Nililala na swali hilo, nikaamka nalo, nikalitia hata kwenye chai. Mwishowe nikakata shauri: upande wa pili, baada ya rumba zote, watu wameshalegea, na wimbo wa Shangazi tu ndio umebaki. Na rumba ya mwisho iwe ya taratibu, vijana wachoke wakae, uwanja ubaki wazi. Niliona uwanja mtupu utamwita nyanya kuliko ulimi wangu.

Nikachukua mashine, nikaenda Busia.

Gramafoni ya Shangazi ilikaa juu ya kabati la vikombe, na sahani za santuri alizipanga pamoja na sahani za kulia, jambo lililonikera sana. Tuliweka redio kaseti juu ya stuli mbele ya spika, tukafunga madirisha, tukawaomba wateja wanyamaze. Wateja wenyewe walikuwa makarani wa forodha na madereva wa malori, watu wasionyamaza hata msibani. Shangazi akasimama mlangoni na mwiko. "Atakayekohoa," akawaambia, "atalipa chai ya wote." Wakanyamaza kweli, isipokuwa jogoo. Katikati ya wimbo wa tatu, pale mwimbaji anapovuta pumzi, jogoo wa Shangazi akawika nyuma ya nyumba, akajibu ubeti vizuri kama kiitikio. Kurudia kulimaanisha kufuta. Nikauacha. Jioni ile Shangazi alimpika jogoo kwa hasira, tukamla na ugali.

Nilirudi na upande wa kwanza mzima na rumba zote za upande wa pili, roho kunjufu. Nilivuka mpaka kwa miguu, nikapanda basi, na nje kidogo ya Busia ya kwetu tukakuta kizuizi. Wanajeshi wakatushusha sote. Mmoja, kijana mwenye miwani ya jua, akaigonga mashine yangu kwa kidole.

"Hii nini? Nasema nini ndani?"

"Nyimbo za harusi, afande."

"Piga."

Nikapiga. Tulisimama kando ya barabara, basi zima, na taarabu ya Shangazi ikatuimbia. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Afande aliinamisha kichwa, anasikiliza, hatujui anasikiliza nini. Wimbo wa kwanza ukaisha, wa pili ukaisha, wa tatu ukafika, jogoo akawika.

Afande akainua kichwa. "Hii jogoo ya nani?"

"Ya shangazi yangu, afande."

"Sasa iko wapi?"

"Tumemla, afande."

Akacheka mpaka miwani ikamtoka. Akawaita wenzake. "Kuja sikia! Jogoo naimba, halafu wanakula yeye! Rudisha." Nikarudisha. "Rudisha tena." Nikarudisha tena. Kisha akataka kurudisha mwenyewe, na hapo ndipo nilipoogopa kweli, kwa sababu kitufe chekundu kilikuwa jirani kabisa na kile alichokuwa akibonyeza, na kidole chake kilikuwa kinene. Nilikitazama kidole kile nikiomba dua zote nilizofundishwa madrasani na nyingine nilizozitunga palepale. Jogoo aliwika siku hiyo kuliko alivyowika maisha yake yote. Mwishowe wakachoka, wakachukua mche wa sabuni alionipa Shangazi, wakaturuhusu. Abiria mmoja akaniambia ndani ya basi, "Binti, siku nyingine usirekodi ng'ombe, tutalala hapa." Tukacheka wote, kile kicheko cha watu waliopona.

Lakini betri zilikuwa zimeumia. Mawe, ndivyo tulivyoziita. Tororo nzima hakukuwa na mawe ya redio ya kununua. Madukani kulikuwa na rafu tu, safi, zimefutwa vumbi. Nikafanya walivyofanya wote: nikayaanika juani juu ya bati, nikayageuzageuza kama muhogo, yakapata nguvu kidogo. Nikayatia kwenye mashine, nikaenda Kirewa.

Mjomba, kaka yake mama, ndiye aliyekuwa mpigaji wa ule wimbo. Kuja harusini asingeweza, kwa kuwa miaka ile boma haliachwi bila mtu na ng'ombe wana miguu. Alikaa kwenye kigoda na chombo chake cha nyuzi, nyanya akiwa ameenda shamba, akapiga na kuimba kwa nguvu zake zote. Sikuelewa maneno yote, maana Kipadhola, lugha ya upande wa mama, nakijua cha kuombea chakula tu, lakini shingo yangu ilianza kucheza bila ruhusa yangu. Nilipourudisha na kuusikiliza palepale ulikuwa safi kabisa, hata pumzi zake zilisikika. Nikarudi Tororo nikiimba. Siku chache baadaye Shangazi akaja kukaa na bibi harusi kama ilivyo haki ya shangazi, akaketi jikoni, akauimba wimbo wake wa kuaga, nikauweka mwishoni. Nao nikausikiliza, nao ulikuwa safi. Alilia mwenyewe katikati. Kaseti ikawa imejaa, imekamilika, na mimi nikavimba kichwa.

Jioni ya kuamkia harusi watu wa bwana harusi walileta vitu vyao kutoka Kenya: sukari, chumvi, sabuni, mchele, na ndani ya mfuko wa sukari, zimefungwa kwa gazeti, betri mpya. Nne. Nilizinusa. Kama dada asingekuwa amemwahi, ningemchukua huyo shemeji mimi mwenyewe. Nikazitoa zile zilizochoka, nikazitupa pembeni.

Asubuhi, wanaume wakiwa msikitini, nikatia betri mpya nijaribu. Upande wa kwanza, safi, jogoo na vyote. Rumba, safi. Kisha wimbo wa Kirewa ukaanza, nikadhani nimeingiliwa na jini.

Mjomba alikuwa amekuwa mtoto. Aliimba kwa sauti nyembamba ya chekechea, mbio mbio, na nyuzi zilimkimbilia nyuma kama kuku wanaofukuzwa. Wimbo uliokuwa wa mtu mzima anayetembea na ng'ombe wake ukawa wa panya jikoni. Nikasonga mbele kwa Shangazi: bata. Shangazi mwenyewe alikuwa nyuma yangu anachambua iliki. "Huyo nani?" akauliza. Nikazima upesi.

Nilikaa chini nikafikiri, na nilipoelewa nikatamani kujizaba kofi. Nilirekodi nyimbo zile mbili kwa betri zilizochoka. Mashine ilikuwa ikitembea pole pole, ikaandika pole pole. Ikiwa imechoka vilevile itasoma sawasawa, ndiyo maana Kirewa nilisikia safi. Ukiipa nguvu, inakimbia. Sasa ningefanyaje? Mjomba yuko Kirewa, saa zimekwisha. Dawa ilikuwa moja, zile betri mbovu zirudi.

"Mama," nikapiga kelele, "yale mawe ya zamani yako wapi?"

Mama akaonyesha ukuta kwa kidevu. Sehemu ya chini ya nyumba nzima, kuuzunguka msingi, ilikuwa imepakwa upya rangi nyeusi inayong'aa, kama tulivyopaka kila sikukuu kwa ule unga mweusi wa ndani ya betri. Alikuwa ameyaponda alfajiri. Ulikuwa ukuta mzuri sana. Nusura nilie.

Nikatoka mbio kwa jirani yetu, fundi cherehani, mama wa Kiteso ambaye redio yake aliifungua kwa matangazo ya vifo tu ili kubana matumizi. Nikamsimulia nikihema. Alinitazama tangu utosini hadi kwenye ndala.

"We iko na mawe mpya ya Kenya," akasema pole pole, "na nataka mawe yangu mzee?"

"Ndiyo, mama. Nipe yako sasa, na nikimaliza kuyatumia haya mapya, jioni ni yako moja kwa moja."

"Harusi ni ya dada, lakini kichwa imeharibika ni ya wewe." Hata hivyo aliyatoa kwenye redio upesi, kabla sijapata akili. "Chukua. Karibu nakufa, hiyo. Kama nakufa mbele ya wageni, usirudi hapa nalia."

Nikayajaribu nyumbani, kidogo tu, nisiyamalize. Mjomba akarudi kuwa mwanamume. Pengine mzee kidogo kuliko umri wake, lakini mwanamume.

Kwa hiyo mpango ukawa huu: tuanze na mapya, rumba ya mwisho ikiisha nisimamishe mashine, nibadilishe, niendelee. Nilimweleza dada peke yake, akiwa amekalishwa na hina mikononi. Alifumba macho. "Ukikosea," akasema, "nitakukumbuka kila siku huko Busia."

Nyanya alifika kabla ya chakula. Baba mwenyewe alimfuata kwa lori. Alishuka akiwa na shali na mkoba mweusi, akamsalimia kila mtu kwa adabu ya mtu aliyekuja ofisini, akaketi kwenye kiti kilichokuwa karibu na lango. Mama alimletea chakula kwa mikono miwili, akapiga magoti. Nyanya akapokea, akala, akasema wali umeiva. Basi. Mama akarudi jikoni haraka haraka, na kutoka pale nilipokaa nilisikia vyombo vikianza kuoshwa.

Kaseti ilikwenda kama nilivyotaka, na sioni haya kusema ilikuwa nzuri. Taarabu ilipokea wageni. Jogoo alipowika, Shangazi alisimama na kusema, "Huyo nilimla," uani wote ukavunjika mbavu. Chakula kilipata nyimbo zake za chakula. Baba aliketi ubavuni mwa mashine na mkono kwenye kitufe cha kupunguza sauti, akitazama kidirisha cha kaseti namna utepe ulivyokuwa ukihama upande mmoja kwenda mwingine, kama dereva anavyotazama mshale wa petroli. Nikageuza upande wa pili. Rumba ikawainua watu wa Busia, ikawainua na wa kwetu, kisha ile ya taratibu ikawachosha wakaketi. Uwanja ukabaki wazi. Nikabonyeza, kukawa kimya.

Nikafungua kifuniko cha betri, kikanianguka. Wageni wakadhani mambo yamekwisha; mmoja akaanza kutafuta viatu. Nyanya akachukua mkoba wake.

"Kaeni," baba akasema. "Bado."

Nikatia mawe ya fundi cherehani, nikabonyeza.

Mjomba akaanza. Sawasawa kabisa, sauti yake ileile, pumzi zake zilezile. Nyanya aligeuza kichwa. Alisikiliza ubeti wa kwanza wote bila kubadilisha uso, halafu akasema kwa Kipadhola, na neno hilo nililielewa, kwamba huyo mwanawe hajawahi kukaza uzi wa mwisho vizuri tangu utotoni. Kisha akauweka mkoba chini. Akavua shali, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya mkoba. Akasimama.

Sijui nisemeje namna alivyocheza. Miguu haikuondoka sana mahali pake. Mabega ndiyo yalifanya kazi, na shingo, na zile pande mbili za mgongo ambazo mimi mpaka leo sijui zangu ziko wapi. Alikwenda mbele ya dada, akamchezea. Dada alikuwa ameambiwa bibi harusi hainui uso. Aliinua. Shangazi akapiga vigelegele, na kule jikoni vyombo vikanyamaza. Mama akatokea mlangoni na mikono yake imejaa povu.

Ndipo mawe yakaanza kufa.

Nililisikia kabla ya wengine wote. Mjomba akawa mzito. Nyuzi zikawa zinavutwa, kila mlio ukichelewa kidogo kuliko uliotangulia. Nyanya akapunguza mabega, akaufuata wimbo kule ulikokuwa ukienda. Sauti ikazama ikawa ya mzee, ikawa ya fahali, ikawa mngurumo, ikaisha. Nyanya akasimama katikati ya uwanja, mkono mmoja bado uko juu. Alikuwa hajafika kwa mama. Alikuwa njiani kwenda kwake, kila mtu aliona, na zilibaki hatua chache tu.

Muziki umekwisha, na sharti la baba lilijulikana na wote. Yale mapya yalikuwa mfukoni mwangu, lakini kwa hayo Mjomba angekimbia kama panya. Nilitamani ardhi inimeze. Nyanya akateremsha mkono, akamtazama baba, mkwe aliyemkataa. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kumtazama usoni.

Baba akainama juu ya mashine. Akakitazama kile kidirisha kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Halafu akanyanyuka, na kwa sauti aliyotumia kusomea mizigo yake forodhani akasema, "Kaseti haijaisha. Utepe bado upo."

Akaanza kupiga makofi. Baba yangu, aliyekuwa hapendi hata watu wacheke kwa nguvu karibu na dirisha. Alipiga makofi akiushika ule mwendo wa Mjomba, vibaya kidogo, akachelewa hapa na pale, lakini alikuwa ameushika. Shangazi akaunga, fundi cherehani akaunga, watu wa Busia wakaunga. Nyanya akaudaka wimbo kwa mdomo wake mwenyewe, pale ulipokatikia, akainua tena mkono, akazimaliza zile hatua. Akamchezea mama. Hakumgusa, kwao hawagusi. Alicheza mbele yake tu, karibu, uso kwa uso, ubeti mzima na mwingine, kama inavyochezwa mbele ya bibi harusi. Mama alisimama na povu lake likidondoka chini, analia wazi wazi, wala hakukumbuka vyombo. Nami nililia, na sikujali nani ananiona. Sijawahi kufurahi vile tena.

Waliendelea kwa makofi mpaka kivuli cha Mwamba, ule mlima wa jiwe ulio juu ya mji wetu, kikaanza kurefuka, wageni wakaondoka wenyewe bila kuambiwa. Nyanya alipanda lori mbele, karibu na baba. Tangu siku ile alikuja kwetu kila alipouza karanga mjini, akala, akalalamika. Fundi cherehani alipata mawe yake mapya, akasikiliza muziki wiki nzima. Aliyenuna ni Shangazi tu. Wimbo wake wa kuaga haukupigwa, na kwa miaka iliyobaki ya maisha yake hakukutana nami bila kuniambia kwamba nilimwozesha mtoto wa kaka yake bila kumuaga.

Kaseti ninayo hapa, kwenye kopo la biskuti. Shangazi yumo ndani yake, analia jikoni kwa mama. Mpwa wangu, mwana wa dada, anajua kuhamisha sauti kutoka kwenye kaseti kwenda kwenye simu, anasema hata kasi inarekebishika sasa, Shangazi asiwe bata tena. Nimemkatalia, akaniona mkaidi.

Mama yake anaelewa. Akinipigia simu kutoka Busia, tukishamaliza habari za magoti na bei ya sukari, lazima aulize.

"Ile kaseti imeisha?"

"Bado," namwambia.

"Basi mimi bado niko harusini," anasema, na tunaendelea kuongea.